Mwanafunzi Mwenye Mvi

Mwalimu alipoingia ukumbi wa mihadhara siku ya kwanza, kelele zilikatika ghafla. Vijana walikaa vizuri, wakafungua madaftari, na mmoja akakimbilia kufuta ubao. Walidhani ndiye mhadhiri. Yeye akapita taratibu kati ya viti, akakaa katikati yao, akatoa kalamu. Kicheko kikalipuka, naye akacheka pamoja nao, ingawa masikio yalimwaka moto.

Alikuwa amefundisha baiolojia sekondari tangu usichana wake. Udaktari aliutamani toka zamani, lakini ndoa ilikuja, watoto wakafuatana, ndoto ikawekwa kando. Kitinda mimba alipoanza sekondari, aliomba nafasi chuo cha udaktari bila kumwambia mtu isipokuwa mumewe, fundi umeme. Kifungua mimba alipopata habari alishika mbavu: "Mama, mpaka umalize, mimi si nitakuwa mgonjwa wako wa kwanza, kwa uzee?"

Kipindi kilipokwisha, mtu alimshika bega mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu! Umehamia kutufundisha huku?"

Alikuwa binti aliyemfundisha mpaka kidato cha mwisho, mwembamba, wenzake walimwita Sindano. Alikuwa amechelewa kipindi, ndiyo kwanza anafika.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kusoma."

 Sindano akamkumbatia.

Walipangwa meza moja katika chumba cha kupasulia maiti. Shuka ilipofunuliwa, Sindano alilegea magoti. Mwalimu akamdaka kabla hajafika sakafuni, akamtoa nje, akamkalisha kwenye ngazi na kumpepea.

"Usimwambie mtu," binti alinong'ona.

"Nimwambie nani? Mimi mwenyewe nilikuwa natafuta kisingizio cha kutoka."

Walikaa pale mpaka pumzi zikawarudia, wakaingia tena wameshikana mikono.

Lakini mtihani wa kwanza wa anatomia ulimwangusha Mwalimu. Yeye alikuwa mtu wa kuelewa, si wa kukariri. Majina ya mishipa yaliingia asubuhi, mchana yakawa yameshatoka. Alifika nyumbani akabwaga mkoba.

"Naacha, baba watoto. Nimejiaibisha vya kutosha, tena mbele ya watoto wadogo."

Mumewe alikuwa akimenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Unaacha kwa kuwa hutaki tena, au kwa kuwa umeona aibu?"

"Aibu."

"Basi njoo tumenye viazi. Aibu itapita."

Alimkasirikia kweli kweli. Lakini alimenya.

Kesho yake Sindano akamvuta maktaba. "Mwalimu, kaa hapa. Nauliza, unajibu."

Binti alikuwa mkali kuliko sura yake. Mwalimu akikosea, anaambiwa, "Rudia." Akikosea tena, "Rudia, mama." Wanafunzi wa meza ya jirani walikonyezana. Siku moja uvumilivu ulimwishia Mwalimu, akafunga kitabu kwa kishindo.

"Wewe! Mimi ndiye niliyekufundisha kushika hadubini!"

"Ndiyo," Sindano alijibu kwa upole. "Na nilipoivunja, nikakataa kuigusa tena, uliniletea nyingine ukasema, shika."

Mwalimu alikuwa amekwisha sahau jambo hilo. Alimtazama yule binti, akaona macho mekundu ya mtu aliyeacha masomo yake mwenyewe ili amsubiri mwenzake. Akafungua kitabu.

Mtihani wa marudio alipita, chupuchupu. Sindano alipiga vigelegele ubaoni palipobandikwa matokeo, watu wakageuka, na Mwalimu akamziba mdomo huku mwenyewe akilia.

Mwaka wa pili walianza kupelekwa wodini. Asubuhi moja daktari bingwa alimsimamisha Mwalimu pembeni ya kitanda, akamuuliza maswali mfululizo. La kwanza alilijibu. La pili lilimpiga chenga.

"Sijui, daktari," alisema mbele ya kundi zima, sauti yake ikiwa imetulia, bila ile aibu ya mwaka wa kwanza. "Nitasoma, kesho nitakujibu."

"Vizuri," daktari akasema, akamgeukia mwingine.

Mgonjwa alikuwa akihangaika na mto uliomteleza. Mwalimu aliinama, akamwekea sawa.