Kokwa Moja Mfukoni mwa Serikali

Baba yangu alizaliwa Mzenga, katika nyumba yenye milango miwili ambayo hakuna hata mmoja uliofunga sawasawa. Mama yangu alizaliwa upande wa Mlandizi, na hadi anaingia kaburini hakuacha kutukumbusha kwamba kwao maji yako karibu. Mimi nilizaliwa kwa baba, katika kijiji kidogo nyuma ya Mzenga, mwaka ambao haukuandikwa popote, kwa kuwa aliyejua kuandika kwetu alikuwa mmoja tu, naye alikuwa na shughuli za hirizi. Majina yao unayajua, usiyaweke hapa. Andika ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinipambie.

Umeniuliza kwa nini mtu mwenye maneno mengi kama mimi hakusoma. Ninyi watu wa sasa mnadhani tulikuwa wajinga. La hasha. Sikusoma kwa sababu ya werevu wetu. Tulimshinda akili karani wa serikali, na ushindi huo mkubwa ndio unaokulazimu leo ushike kalamu kwa niaba yangu.

Kwetu mtoto hakuhesabiwa. Kumnyooshea kidole na kusema mmoja, wawili, watatu, kulikuwa sawa na kuyaonyesha mauti mlango wa kuingilia. Aliyeulizwa ana watoto wangapi alijibu, "Wapo, kama Mungu alivyojalia," na muulizaji mwenye adabu aliridhika.

Hata hivyo, usidhani hatukujijua. Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa na kibuyu kidogo chenye kokwa za ukwaju. Alipozaliwa mtoto katika kijiji chetu, aliongeza kokwa moja. Alipofariki mtoto, aliitoa kokwa yake na kuizika. Kila mwaka kabla ya masika alizimimina zote katika bakuli la mti lililokuwa na mkwaruzo ndani. Kokwa zikivuka mkwaruzo, wazee waliamriwa kupanua mashamba ya muhogo. Zikiwa chini yake, waliachwa wapumzike. Hivyo bibi alikipangia kijiji kizima chakula, na kinywa chake hakikutamka idadi hata siku moja. Njaa ilitupita mara nyingi kwa sababu ya kokwa hizo. Hilo nalo hakuna aliyeliandika.

Mwaka ule nzige walipopita, jumbe alitangaza kwamba karani anakuja kuhesabu watu. Alitangaza siku tatu kabla, akatupa nafasi nzuri ya kujificha, nasi si watu wa kuchezea nafasi. Wanaume waliogopa kodi na kupelekwa mashamba ya mkonge. Wanawake waliogopa kidole cha karani. Ikaamuliwa kwamba wanaume wengi watakuwa na safari, na watoto watapelekwa kichakani, ng'ambo ya bonde.

Nikateuliwa kuwaongoza watoto. Meno yangu ya mbele yalikuwa yameshaota upya, kwa hiyo nilihesabika kuwa mtu mzima. Hicho ndicho cheo pekee nilichopewa maishani mwangu, nami nilikitumikia kwa bidii ya kutisha. Hakuna mtoto aliyekohoa. Waliotaka kulia niliwaziba midomo kwa vipande vya muwa.

Karani alifika amevaa kaptula iliyopigwa pasi, akisukuma baiskeli mchangani kama anayemburuta ng'ombe mgonjwa. Bibi alimpokea uwanjani. Mimi nilikuwa nimetambaa hadi nyuma ya tuta la muhogo, nikasikia yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

"Mna watoto wangapi hapa kijijini?"

"Ndio hao unaowaona."

Alioweza kuwaona walikuwa wanne: watatu migongoni mwa mama zao, na mmoja mwenye surua, ambaye alishindwa kukimbia.

"Na nyayo hizi ndogo zilizojaa uwanja?"

"Za nyani, mwanangu. Wanatusumbua sana."

Karani aliinama pembeni mwa ukuta, akaokota kijiwe kutoka katika kishimo chetu cha mdako. "Na mdako huu wanacheza nyani?"

"Nyani wa huku wamestaarabika, baba. Serikali yenu imewafikia wao kabla yetu."

Wanawake waliangua kicheko. Karani naye alicheka, akafuta jasho, akafungua daftari, akaandika wanne. Hakuwa mpumbavu; alikuwa na vijiji vingi mbele yake na jua lilikuwa kali. Nami, kutoka tutani, niliutazama ule mkono. Ulikwenda mara moja tu, na sisi sote tukafutika. Nilijua papo hapo kwamba ninataka mkono kama ule. Ndiyo akili yangu ilivyo: siku niliyojificha nisiandikwe ndiyo siku niliyotamani kuandika.

Jioni tulichinja kuku kusherehekea.

Masika mawili yakapita. Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, akaja kwa jumbe, akaitisha baraza, na mkalimani akatuambia kwamba serikali imesoma hesabu na sasa inapanga. Shule itajengwa upande wa Mlandizi, kwa kuwa huko watoto ni wengi mno. Mama yangu aliinamisha uso. Karani alipofika kwao, siku chache baada ya kutoka kwetu, walikuwa wakimcheza mwali, na wageni walikuwa wametoka kila upande. Ndugu zake, ambao hawajawahi kumnyima mgeni kitu, waliwahesabisha wageni wote pamoja na wenyeji. Baadhi ya watoto wa shangazi zangu, niliowaficha mimi mwenyewe kichakani, waliandikwa huko wakila pilau.

Baba yangu akasimama. "Bwana, hata hapa wapo watoto. Watazame!"

Tukasukumwa mbele, tumepakwa mafuta, tumejaa baraza zima. Mkalimani akatafsiri, Bwana Shauri akafunua daftari, akasema, mkalimani akarudisha: "Kitabu kinasema wanne."

"Lakini unawaona!"

"Anawaona. Anauliza mmewaazima kijiji gani."

Hapo bibi yangu, aliyekuwa amekaa na wanawake, aliinuka, akatoa kibuyu ndani ya khanga, akapiga magoti mbele ya meza, na kuzimimina kokwa zote juu ya mkeka. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaanza kuhesabu. Kwa sauti. Kila kidole chake kilipogusa kokwa, alimtazama mmoja wetu. Alipofika kwangu alisita kidogo, akaendelea.

"Anasemaje?" Bwana Shauri alimuuliza mkalimani.

Mkalimani, kijana wa mjini aliyekuwa na njaa na haraka, alifupisha: "Bibi kizee anakuletea ukwaju, bwana."

Bwana Shauri alitabasamu, kwani alikuwa mtu mwenye adabu. Akainama, akachagua kokwa moja, akashukuru, akaitia mfukoni. Kisha akaondoka kwenda kupanga maendeleo.

Njiani bibi alisema neno moja tu: "Nimewataja wote, na hakuna aliyesikia."

Baadaye mjomba alinipeleka kwenye shule hiyo. Mwalimu aliuliza ninatoka wapi, akasema nafasi ni za watoto wa pale. Tulirudi kwa miguu. Nikalima muhogo, nao ulistawi sana, asante.

Sasa sikiliza, na uandike vizuri. Kibuyu kimo sandukuni mwangu, chini ya kanzu ya Idi. Kitunze. Akizaliwa mtoto, ongeza kokwa. Lakini ile iliyochukuliwa usiijazie nyingine, maana sijui ilikuwa ya nani, na nina sababu ya kudhani ilikuwa yangu. Karatasi hii iweke humo humo.

Nasikia wahesabu watu wanakuja tena. Usiende shamba siku hiyo. Watoe watoto wote nje, waoshe nyuso, wasimame mbele ya mlango. Wageni wasihesabiwe hapa. Kila mtu ahesabiwe kwao. Wakiuliza kama babu anajua kusoma na kuandika, waambie hapana. Wakiuliza sababu, usiwasingizie nyani.