Kisu Chini ya Kigodoro

Mama mkwe alikuja kutoka Mikindani na kanga zake, mafuta ya nazi na kisu kidogo cha jikoni. Kisu akakisokomeza chini ya kigodoro cha mtoto, upande wa kichwani. Kwao mtoto mchanga haachwi bila chuma mpaka arobaini iishe, maana kuna vitu vinavyopenda vichanga. Mume wangu ni dereva wa lori, alikuwa safarini, na mimi sikuwa na ubavu wa kubisha. Kazi yangu ilikuwa kukandwa maji ya moto, kunywa uji wa pilipili manga na kulala.

Usingizi haukuja. Kilichokuja ni picha. Nikimtazama mwanangu, naona mkono wangu ukiingia chini ya kigodoro na kutoka na kisu. Sikutaka. Naapa sikutaka, nilimpenda, lakini picha ilikuja nikinyonyesha, ikaja nikinywa uji, ikaja nikiwa nacheka. Nikaamini nimeshaharibika, na kwamba wakijua watanichukulia mtoto.

Basi mama mkwe akienda uani, nakichomoa kisu kwa ncha ya kanga, kama mtu anayeokota nyoka aliyekufa, nakitupia juu ya kabati. Yeye anakirudisha. Mwanzoni alidhani amesahau mwenyewe. Baadaye akaanza kuangalia nani anaingia chumbani.

Aliyeingia kila siku ni jirani yetu pale mtaani Chuno, mama muuza mihogo aliyezaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma. Alinifulia nepi, akanitekea maji, akanisimulia jinsi mumewe alivyozimia siku aliyojifungua yeye. Akiwepo, nilipumua. Nilijua yupo mtu wa kumuwahi mtoto.

Mchana mmoja nikasikia mama mkwe akimzuia mlangoni, anamwambia mzazi amelala na nepi hazipo. Kisha akaingia, akajifunga kanga kiunoni, akaniambia huyo mwanamke ndiye anayetoa chuma ili ampate mtoto, na kwamba mtaa mzima utajua leo. Kupitia dirishani nilimwona jirani bado amesimama na ndoo yake ya maji.

Ningenyamaza, angetangazwa mchawi. Ningesema, ningenyang'anywa mwanangu.

"Mama, mimi ndiye ninayekitoa," nikasema. "Naogopa nitamdhuru."

Akamnyanyua mtoto, akatoka. Nikasikia ndala zake zikivuka uwanja, halafu geti. Nikawaza: stendi, Mikindani, ndiyo basi tena. Sikulia hata kidogo. Nilihisi baridi tu, katika joto lile la Mtwara.

Walirudi yeye na jirani, mama mkwe macho mekundu, mtoto bado mikononi mwake. Alimwambia nini jirani sijui, maana kuomba radhi si desturi yake. Jirani akakaa mkekani, akasema yeye baada ya mtoto wake wa pili alikiogopa kisima. Hakukisogelea akiwa na mtoto mgongoni mpaka dada yake alipohamia kwake. Akasema kesho tutakwenda pamoja kliniki, manesi wanalijua jambo hili. Mama mkwe alikuwa anakunja kanga na kuikunjua. Akasema kwao mambo haya hayakutamkwa, na kwamba labda yalikuwepo.

Mtoto akaanza kulia. Mama mkwe akaninyooshea mtoto. Nikakataa, nikamwomba aendelee kumshika yeye.

"Mchukue, mwanangu," akasema. "Sisi hatutoki hapa."

Nikampokea. Ziwa likamponyoka mara kadhaa kabla hajalikamata. Na picha ikaja, ileile, mchana kweupe, wao wamekaa pembeni yangu. Nikawaambia imekuja.

Hakuna aliyeninyang'anya mtoto.