Kigingi Chenye Rangi Nyekundu

Udongo mwekundu ukilowa maji ya chumvi hunuka kama sufuria ya mboga iliyomwagika. Juzi, baada ya kumzika mama, nilimwaga chumvi ya ng'ombe kwenye matope nyuma ya zizi na harufu ile ikapanda. Niliketi chini.

Nilikuwa darasa la tatu wataalamu wa maji walipofika kwetu, upande wa Sigowet, na betri, nyaya ndefu na vyuma vya kupigilia ardhini. Walipitisha umeme chini. Penye maji, walisema, hupita kwa urahisi. Lakini kiangazi kilikuwa kimekausha udongo, vyuma havikupitisha umeme vizuri, wakaomba maji ya chumvi ya kuvimwagia. Mama alitoa chumvi yote ya nyumba. Jioni tulikula mboga chapwa, naye akicheka. "Kuleni tu. Maji yakitoka hapa, mgongo wangu utasahau ule mteremko wa mtoni."

Maana karibu na mlango wake walikuwa wameacha kigingi, rangi yake nyekundu bado mbichi. Wachimbaji wangekuja kuchimba hapo.

Kesho yake, Jumapili, mama akiwa kanisani, alikuja baba mkubwa, kaka ya marehemu baba, na nyundo. Nilimpenda sana, ndiye aliyekuwa akinibeba mabegani.

"Chebet, njoo unishikie. Wamesema tusogeze kidogo."

Aliking'oa kigingi, nikakishika kwa mikono miwili, akakipigilia ng'ambo ya ua, shambani kwake. "Mkono wako hautetemeki," alisema. Nilifurahi kutwa nzima.

Mama aliporudi, baba mkubwa alimwambia wataalamu walikuja tena wakarekebisha. Mjane hambishii shemeji yake. Wachimbaji walichimba kwa baba mkubwa siku tatu, wakatoa vumbi. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote: "Eti waya inaona maji! Waya haioni hata panya!"

Ila ng'ombe wetu Rosi, kila akifunguliwa, alikwenda mlangoni kwa mama kuramba udongo wenye chumvi, wala si ng'ambo ya ua. Mama alimtazama, akautazama ua.

"Chebet, wale watu walirudi kweli?"

"Walirudi," nilisema.

Alichukua mtungi akateremka mtoni, na aliendelea kuteremka mpaka mgongo ulipokataa.

Jumapili ile jioni alikuwa amenisugua viganja kwa mafuta ya taa mpaka rangi nyekundu ikatoka. Nilidhani hakuielewa. Sasa najua aliponiuliza alikuwa na jibu tayari. Alitaka tu kulisikia kwangu.