Pumzi ya Dada Mkubwa

Mtaa mzima ulimwita Redio, kwa kuwa akianza kusema hakuna wa kumzima. Alikuwa mshona nguo. Ukimpelekea suruali ya kupunguza, ulirudi nayo pamoja na habari za watu watatu. Ndugu yake mdogo, kinyozi, alikuwa amelelewa naye tangu mama yao alipofariki, na mpaka leo wanakaa pamoja, vyumba viwili, cherehani ikiwa kati. Kinyozi akimnong'oneza apunguze sauti, alijibiwa, "Mdogo wangu, mdomo haulipiwi kodi."

Virusi vilipoingia mtaani, ni kinyozi aliyevileta nyumbani. Kazi yake ni kuinamia vichwa vya watu, na siku hizo watu walikohoa. Aliumwa kidogo, homa na uchovu, akapona. Alipoanza kujicheka kwa kuogopa bure, dada akaanza kukohoa.

Daktari wa hospitali, mama mmoja aliyekuwa na macho mekundu kwa kukosa usingizi, aliwapokea nje, kwenye benchi.

"Wengi hupona nyumbani," alisema. "Wewe umepona upesi, ni kijana na huna ugonjwa mwingine. Dada yako ana kisukari na umri umekwenda. Watu kama yeye ndio wamejaa kwenye vitanda vyetu."

"Basi mlaze sasa hivi, daktari."

"Leo anapumua vizuri. Nikimpa kitanda, nitamnyima asiye na pumzi kabisa. Mrudishe nyumbani, ila msikilize. Akishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, usingoje. Mlete hapa."

"Kumaliza sentensi?" Redio akadakia. "Daktari, mimi walishaniombea nimalize, wakakata tamaa!"

Daktari alicheka. Kinyozi hakucheka.

Kazi yake ikawa ni kumsemesha. Alifungua madirisha, akajifunga barakoa, akakaa mlangoni akimwomba hadithi kama mtoto. Ile ya bwana harusi aliyefuata suti yake ikiwa bado haina mkono mmoja. Ile ya jirani na mbuzi. Mwanzoni zilitiririka. Kisha dada akaanza kuomba maji katikati ya hadithi. Kisha akawa anaruka vipande, anafika mwisho haraka kama mtu anayekimbia mvua.

"Dada, umeacha pale alipovaa."

"Nimesahau."

Redio hajawahi kusahau neno la mtu maishani mwake. Kinyozi aliinuka pale mlangoni. Akasogea karibu, akaona kifua kinavyopanda na kushuka, akaona midomo imepauka.

"Tunaondoka."

"Sitaki. Wanaoingia kule... hawatoki."

"Haya, niambie hivi tu: 'Niache nife nyumbani kwangu.' Sema yote kwa mkupuo mmoja, nami nitakuacha."

Dada alimkazia macho. "Niache nife..." Akakohoa. Akajaribu tena. "Niache..." Machozi yakamtoka, akamnyooshea mikono ambebe.

Dereva wa teksi waliyemwita aliposikia kile kikohozi aliondoa gari mlango ukiwa bado wazi. Kinyozi alilikimbilia huku akipiga kelele, akachoka. Ndipo muuza maji akashusha madumu yake bila kuombwa, akampa mkokoteni. Wakamlaza juu ya godoro, kinyozi akausukuma mchana kweupe, watu wakipisha kama wanaopisha jeneza. "Sema kitu, dada!" alimwomba kila walipovuka barabara. Alijibiwa kwa kidole kimoja kilichoinuka kidogo.

Hospitalini kitanda kilikuwa kimepatikana. Hakuthubutu kuuliza aliyekilalia amekwenda wapi. Walimwekea dada oksijeni, wakafunga mlango.

Siku zilizofuata alishinda kwenye benchi la nje pamoja na mwanamke kijana, mke wa mwashi. Mume wake alikuwa chumba kilekile.

"Anabeba mifuko miwili ya saruji begani," alisema mwanamke. "Hajawahi kumeza hata kidonge. Walituambia watu wa aina yake ni nadra kulazwa."

"Ni kweli, hata mimi waliniambia hivyo."

"Ni kweli. Basi huyo nadra akawa wangu."

Kila muuguzi alipotoka, wote wawili walisimama.

Asubuhi moja aliitwa kinyozi. Dada alitolewa kwenye kiti cha magurudumu, mashavu yameingia ndani, mikono inatetemeka kiasi kwamba hatashika sindano kwa muda mrefu. Lakini alikuwa anapumua mwenyewe. Kinyozi alipiga magoti sakafuni, akalia bila aibu.

Alipoinuka, alimwona mke wa mwashi amesimama karibu na ukuta. Alikuwa amekabidhiwa mfuko wa plastiki, na ndani yake vilionekana viatu vya kazi vyenye saruji iliyokauka.

Kinyozi alimwendea. Aliionea haya furaha yake mwenyewe.

"Wako anatoka?" mwanamke aliuliza.

"Anatoka."

"Mpeleke, basi. Jua halijawa kali."