Fyuuu ya Kifuniko

Nakumbuka siku moja ya manyunyu hapa Nguba, mwanangu, nilipomshitaki mzee wa watu kwa kuharibu petroli, kumbe mharibifu alikuwa mkono wangu huu wa kulia. Keti nikusimulie. Ukitaka kucheka usijizuie, mimi mwenyewe nimekwisha kujicheka vya kutosha.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na diploma mbichi ya fizikia. Masera, watawa wa kike waliokuwa na nyumba ya wageni kando ya ziwa, walinipa kazi ya kutunza mashine zao: jenereta, pampu, na tondeuse ya kupanda, ile mashine ya kukata majani ambayo mtu huikalia kama trekta dogo. Tondeuse ndiyo niliyoipenda. Nilitangaza kwamba ni chombo cha waliosoma. Muzee Cirhuza, mtunza bustani aliyeshuka kila asubuhi kutoka Nyantende, nilimkataza hata kuikaribia. Yeye aniletee petroli kutoka stoo, basi.

Wiki ya yubile ya utawa ya masera mmoja mkongwe, tondeuse ikaugua. Ilikuwa ikiwaka vizuri, inanguruma dakika kumi, kisha inakohoa, inaishiwa nguvu, inazimika. Nikasafisha buji, ile plagi ya kuwashia. Nikabadilisha chujio la hewa. Nikaifungua kabureta juu ya gazeti, nikaipuliza, nikaifunga, na nikabaki na skrubu moja ambayo mpaka leo sijui ilitoka wapi. Nikawasha: dakika kumi, kimya. Majani yalikuwa yanafika magotini, na wageni walikuwa wanakuja kesho yake.

Mtu akiishiwa na maarifa, mwanangu, hutafuta wa kumlaumu. Nilikwenda kwa Masera Mkuu nikamwambia kwamba petroli ina maji, na petroli inapita mikononi mwa mtu mmoja tu. Sikuwa nimeipima. Masera akasema kwamba kama ndivyo, Muzee atapanda kwao jioni hiyo na asirudi tena. Muzee alikuwa amewafanyia kazi tangu mimi niko shule ya msingi.

Akaitwa mbele ya mashine, Masera Mkuu akiwa amesimama hapo. Alikuja amevua kofia. Hakuapa, hakulia. Alinigeukia mimi.

"Papa Fizikia, washa hii mashini yako. Tusikie ugonjwa."

Nikawasha. Baada ya dakika kumi ikakohoa, ikafa. Kwa mazoea nikafungua kifuniko cha tangi kuangalia mafuta. Kikalia fyuuu, kama mtu aliyeibuka majini.

"Mumesikia?" akasema Muzee. "Tangu juzi niko nasikia ile sauti kule kwa maua. Ningesema, lakini ulinikataza kukaribia. Washa tena, kifuniko ikae wazi kidogo."

Ikawaka mara moja.

"Si unaona? Ukifungua, inafufuka. Ukifunga, inakufa. Kwetu Nyantende hata mutoto anajua: bidon ya plastiki ya kasiksi, usipoitoboa juu, pombe haitoki muzuri. Inaomba pumzi. Leta nione kifuniko."

Nikakigeuza. Ndani yake kulikuwa na kipande cha sashe, mfuko wa plastiki, kimekunjwa kwa ustadi, kimeziba kitundu cha hewa.

"Nani aliweka hii?" Muzee akauliza.

Niliweka mimi. Bustani ile inateremka, petroli ilikuwa inarukia suruali yangu mpya, na nilikuwa nimewaona wenye pikipiki za njia ya Kamituga wakifunga vifuniko kwa sashe ili mafuta yasimwagike mashimoni. Mwaka mzima nilisoma shinikizo la hewa, nikafaulu vizuri, halafu nikalisahau kwa ajili ya suruali! Ningeweza kusema sijui. Hakuna aliyeniona nikiweka.

"Njo mimi niliweka, Muzee," nikasema. "Masera, petroli ni safi. Mwenye maji ni mimi."

"Hapana," akasema Muzee, "maji ingekauka. Yako ni kiburi."

Masera alimshika mikono yote miwili akamwomba radhi. Mimi nikaonyesha kiti cha tondeuse.

"Panda, Papa."

"Si ulisema ni ya waliosoma?"

"Leo mwalimu ni wewe."

Akavaa kofia, akapanda. Mstari wa kwanza ulikwenda upogo na ukala ua moja la waridi, ila wa pili ulinyooka kama uzi. Dakika kumi zikapita. Ishirini. Saa nzima! Injini iliimba bila kikohozi mpaka majani ya mwisho ukingoni mwa ziwa, na masera wakatoka barazani wakipiga vigelegele kana kwamba yubile ni yake.

Basi shika hili, mwanangu. Kitu kikiharibika mikononi mwako, kabla hujaifungua injini wala hujamfungulia mtu mashitaka, jiulize: mimi niligusa nini mwisho? Nyani haoni kundule, na diploma haimpi kioo. Ukishalijua kosa lako, likiri mbele ya wale wale uliomshitaki mwenzako mbele yao. Aibu uliyompa mtu hadharani haiombewi radhi uchochoroni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na aliyesoma ainame zaidi, maana ameanzia juu zaidi.

Mungu akupe wazee wasioogopa kukurudi, akupe na moyo wa kuwashukuru siku ile ile. Kila unapoingia kazini, watu waseme afadhali amefika.