Jini Aliyecheza Bao Barazani kwa Bi Somoe

Bao lilichezwa alfajiri, na aliyelicheza hakuonekana.

Ndivyo alivyoapa Msabaha. Na nyie mnaoanza kucheka, subirini kwanza. Mtamcheka tu, haraka ya nini?

Mambo haya yalitokea Bagamoyo, mtaa wa Dunda, miaka ile ya sabini ya foleni za sukari. Baraza wakati huo ndiyo ilikuwa redio, ndiyo gazeti, ndiyo mahakama.

Msabaha alikuwa fundi baiskeli. Mikono grisi, ulimi pilipili.

Kwa bao hakuwa mbaya, tusimwonee. Pale Dunda hakuna aliyewahi kumfunga mara mbili mfululizo. Shida ni kwamba yeye mwenyewe alilijua hilo, na kila mtu alilazimishwa kulijua.

Baraza lilikuwa la nyumba ya Bi Somoe, mjane, mtu mzima wa watu. Yeye na michezo ya wanaume wapi na wapi. Alasiri wao wakija, yeye anajitwika ungo wa vitumbua anakwenda sokoni. Salamu tu ndiyo iliyowakutanisha.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, wanangu. Msiniachie maganda."

Basi.

Bao lenyewe lilikuwa la mninga, zito, limechongwa na babu yake Mwishehe. Mwishehe huyu na Msabaha walisoma chuo kimoja cha Kurani, wakaingia jando siku moja. Marafiki wa chanda na pete. Bao lilikuwa linalala palepale barazani, maana mwizi gani atalibeba lile gogo?

Sasa mwaka ule, Ramadhani ikikaribia, Mwishehe akarudi kutoka Dar na keram.

Weee! Baraza lote likahama. Ukimwuliza mtu siku hizi unacheza nini, jibu ni keram.

"Msabaha, hebu sogea ujaribu," Mwishehe akamwita. "Mchezo mtamu huu. Unapiga, unasikia pwaa, kete inaingia shimoni."

Msabaha akaangalia ule ubao, akaangalia poda waliyoinyunyiza ili kete ziteleze.

"Mwanamume mzima na ndevu zako unapaka ubao poda kama mtoto aliyetoka kuogeshwa? Haya, mkimaliza mfungeni na nepi."

Watu wakacheka, lakini Mwishehe hakucheka sana.

Salumu akaingilia. Yeye alikuwa mtu wa drafti, anacheza kwa vizibo vya soda. "Mimi nasema drafti ndiyo inafikirisha. Keram ni mkono tu."

"Drafti?" Msabaha akasonya. "Mchezo unaochezwa kwa takataka za dukani, na wachezaji wake ndio hao hao."

"Basi dhumna," akasema Mikidadi, mpole wa watu, asiyependa ugomvi.

"Dhumna ni ya kugonga meza. Mtu asipokuwa na akili anatumia ngumi."

Unaona mtu alivyokuwa? Hakuna aliyebaki bila kovu. Hata wacheza karata wa nyumba ya tatu, waliokuwa wamejikalia zao, aliwatukania mbali kwamba karata ni mchezo wa watu wanaongoja kufa.

Kwa hiyo wakamwacha na bao lake. Akawa anacheza peke yake, upande huu na upande ule, anajila mwenyewe. Ukipita unasikia "ah, umenipata hapo" na anajijibu "ulidhani mimi mshamba wa Ubena?"

Pole yake.

Siku moja, Ramadhani imeshaanza, adhana ya magharibi ikamkuta mchezo uko katikati. Na sisi watu wa pwani tunajua, jua likizama bao haliguswi. Ukicheza usiku watakuja kucheza nawe wasioalikwa. Akaliacha lilivyo, akaenda kufuturu.

Asubuhi akipita kwenda kwenye baiskeli zake, akatupia jicho. Akasimama.

Kete zimehama.

Si moja wala mbili. Upande wa pili, ule wa kuelekea mlangoni, mashimo ya nyuma yamejaa. Upande wake yeye umepungua. Ameliwa!

Akachuchumaa, akahesabu kwa kidole, akarudia. Mtu mwingine angesema labda kuna aliyeligusa. Msabaha akasema, "Lahaula! Huu ni mtaji, ni ulaji wa mbali sana. Huyu alianzia kule kwenye kichwa, shimo la pembeni, akazunguka, akalala huku nyuma."

Akawauliza wote barazani alasiri ile. Mwishehe akaapa. Salumu akaapa. Mikidadi akaapa mara mbili bila kuombwa.

Aliuliza kila mwenye kanzu. Mwenye baraza hakumwuliza. Angemwuliza nini, na yeye ni mtu wa vitumbua?

Akajibu ule mtaji. Akacheza zamu yake, magharibi ikifika akanong'ona, "Zamu yako, fundi," akaondoka.

Asubuhi ya pili, ameliwa tena.

Hapo ndipo alipotangaza.

"Nacheza na jini."

Salumu nusura ateme mate, na swaumu yake. "We Msabaha, Ramadhani hii mashetani wote wamefungwa. Huyo wako katoroka wapi?"

"Nimesema shetani mimi? Huyu ni jini Muislamu. Anafunga kama wewe, tena yeye hasengenyi."

Mwishehe akamvuta pembeni. Lazima niwaeleze jambo lililokuwa moyoni mwake.

Kila Idd Mosi watu wa Pangani walikuwa wanakuja kwa lori kucheza bao na watu wa Dunda. Mchezo mmoja, mchezaji mmoja kila upande, na wa Dunda alikuwa Msabaha. Na desturi yake ilikuwa ngumu: mkifungwa, wageni wanaondoka na bao lenu. Na wao wakifungwa, wanaacha la kwao. Bao la babu yake Mwishehe lilikuwa halijawahi kutoka Dunda tangu lichongwe. Babu mwenyewe alifia kwenye chumba alichopanga nyumba ile, kinachopakana na baraza, akisikia kete zinagonga.

"Ndugu yangu," Mwishehe akasema, "Idd ndiyo hiyo. Keram naiweka kando. Tukae mimi na wewe kila alasiri, ujinoe. Mzee Muhidini wa Pangani si wa kuchezea."

"Nikae na wewe?"

"Na mimi."

"Mwishehe, nikicheza na wewe nitaharibu mkono. Mtu akishaonja pilau harudi kwenye makoko. Kapake poda yako."

 Mwishehe akamtazama yule aliyelala naye kumbini siku za jando wakiuguza kidonda kimoja, akageuka akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuligusia tena.

Basi Ramadhani nzima Msabaha akawa mwanafunzi wa jini. Kila asubuhi anakuta somo jipya. Na somo lilikuwa lilelile: jini anarundika kete safu ya nyuma, mbele anaacha wazi.

Mtoto yeyote wa Dunda anajua bao si hivyo. Safu ya mbele ikikauka umefungwa, huna pa kwenda. Msabaha naye alijua. Lakini unadhani aliona ni kosa?

"Hii ni elimu ya ndani," akasema. "Anamwita adui aingie, halafu anamfungia mlango. Nyie mmezoea bao la sokoni."

Kuna asubuhi alikuta shimo la mwisho lina kifungo. Kifungo cheusi cha koti, cha matundu manne, kimekaa katikati ya kete za komwe. Akazihesabu kete, imepungua moja. Badala yake kifungo.

Jamani, mtu alilia machozi! Akakitoa akakibusu, akaweka kete ya akiba mahali pake. Akasema ni ijaza. Mwalimu amempa ruhusa ya kufundisha. Akakishonea kwenye kitambaa chekundu, akakivaa shingoni chini ya kanzu.

Wenzake wakamwachia Mungu.

Idd ikafika. Pilau imeliwa, watu wamejaa barazani mpaka barabarani, watoto wamepanda mapipa. Hata Bi Somoe siku hiyo hakwenda sokoni, alikaa mlangoni kwake na kanga mpya.

Mzee Muhidini wa Pangani akashuka kwenye lori. Mwembamba, kofia ya viua, mzee ambaye akikutazama unajikagua vifungo. Akaketi bila kuharakisha.

"Ndiye huyu?" akauliza.

"Ndiye mimi," Msabaha akajibu. "Shikamoo, mzee. Leo utaona bao ambalo Pangani hamjaota."

"Marahaba. Haya, tuoneshe."

Wakaanza. Mwanzo Msabaha alikuwa anatabasamu. Anakula, anazungusha, anazilaza nyuma. Anakula tena, anazilaza nyuma. Nyumba yake, lile shimo la hazina ambalo mchezaji mwenye akili analilinda kama mboni ya jicho, akaivunja mapema akaitawanya yote.

Watu wa Dunda wakaanza kutazamana.

"Msabaha," Mwishehe akashindwa kujizuia, "mbele, ndugu yangu! Mbele unabaki uchi!"

"Nyamaza wewe, hujui kitu!"

Mzee Muhidini akainua macho, akamtazama Msabaha, akalitazama bao. Akauliza taratibu, kwa upole unaochoma kuliko tusi, "Samahanini. Huku kwenu kete mnaziweka tu popote penye nafasi?"

Wapangani wakaangua kicheko.

Msabaha akashika kifua, pale penye kitambaa. Akasubiri lile fumbo lifumbuke. Adui si keshaingia? Mlango si ujifunge sasa?

Mzee Muhidini akachukua kete zake, akazimwaga moja moja, tak, tak, tak, akala shimo la mwisho lililokuwa na kitu mbele. Safu ya mbele ya Msabaha ikabaki nyeupe. Nyuma amerundika utajiri wa kutosha, na hana hata moja ya kucheza.

"Bao," mzee akasema, akajifuta mikono.

Hata kahawa ya kwanza ilikuwa haijamaliza kuzunguka.

Vijana wa Pangani wakalinyanyua lile gogo la mninga, wawili mbele, wawili nyuma. Mwishehe alikuwa amesimama kando, mkono wake umeshika ukingo wa bao. Wakamngoja. Akaachia. Akageuza uso ukutani ili watu wasimwone, na watu wote wakamwona.

"Nimesalitiwa!" Msabaha akapiga kelele. "Huyu mwalimu kanifundisha Ramadhani nzima! Kila alfajiri alikuwa anakuja kucheza, hapa hapa barazani!"

"Nani huyo?" Bi Somoe akauliza kutoka mlangoni.

"Jini, Bi Somoe. Jini la barazani kwako."

"Kwangu mimi hakuna jini. Alfajiri hapa nakuwepo mimi na ufagio wangu."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Lile libao lenu linajaa mchanga," Bi Somoe akaendelea, wala hana habari na anachokifanya. "Kila nikiswali alfajiri naliinamisha, nalikung'uta, nafagia. Halafu nazirudisha hizo komwe zenu. Mimi nakaa upande wa mlango, basi nazitia mashimo yaliyo karibu na mkono wangu. Kwani zina mpango?"

Salumu alikuwa wa kwanza kukaa chini kwa kicheko. 

 Msabaha akakumbuka, akaingiza mkono shingoni, akatoa kile kitambaa chekundu kama mtu anayezama na kushika unyasi.

"Na hiki? Hiki nacho ni ufagio?"

Bi Somoe akasogea, akapapasa kitambaa, akakifumua mshono kwa jino.

"Ala! Kumbe unacho wewe? Komwe moja ilinidondokea mtaroni, nikatia hiki msije mkanipigia makelele. Kifungo cha koti la marehemu hiki. Nimekitafuta mpaka nimechoka." Akakifunga kwenye pindo la kanga, akatikisa kichwa. "Mtoto wa watu, ungeniuliza tu."

Akaingia ndani. Baada ya kidogo akachungulia tena.

"Ila nashukuru mmelitoa. Mgongo wangu utapumua."

Alasiri ya Idd Pili wanaume walirudi barazani kama kawaida. Mahali pa bao palikuwa na alama nyeupe sakafuni. Mwishehe akatandika keram, akanyunyiza poda. Msabaha akaja, akasimama. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemkaribisha.

"Nisogee?" akauliza.

Mwishehe hakuinua uso. Akamsogezea kopo la poda.

"Anza na kupaka," akamwambia. "Kucheza tutaona."

Na Msabaha akapaka.

Nyie mnaojiona mnacheza michezo ya wenye akili na wenzenu wote ni wajinga, nawaambieni hili bila kupaka asali: ukishawadharau wote walio hai, atakayebaki kukufundisha ni ufagio. Na gharama ya somo hilo hulipi wewe, analipa rafiki yako aliyekuamini na bao la babu yake.

Pangani wanalo mpaka leo.