Pete yangu ya ndoa iligeuka nyeupe, ndimu na majivu vikashindwa kuirudisha

Wakuu, za humu ndani. Walionizidi umri shikamooni, wengine tusalimiane kwa heshima zote.

Leo nimeshindwa kunyamaza. Tangu juzi kuna uzi unatembea humu wa tips za jikoni. Watu wanashindana: ndimu inafanya hivi, magadi yanafanya vile, chumvi dawa ya kila kitu. Nimeusoma, nikainuka, nikakaa, nikainuka tena. Nikaona niandike tu, maana bila hivyo hata leo sitatulia.

Haya yalinikuta mimi, kwenye jiko langu. Anayetaka kubisha abishe, ila amalize kusoma kwanza.

Tena niseme mapema, sina ugomvi na tips za jikoni. Mimi nilikuwa bingwa wake.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi ni mzaliwa wa Kahama mjini, nikaolewa na Msukuma wa upande wa Kharumwa. Tumwite Baba Mabula, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Mume wangu alianza kwa kuchimba dhahabu, akaona mashimo yanameza watu, akageukia kununua. Wachimbaji wadogo wanamletea nyumbani, yeye anakwenda kuuza mjini. Broka, kwa lugha ya kule.

Tulipanga nyumba ya tope yenye vyumba viwili huko machimboni. Jiko lilikuwa kibanda nyuma ya nyumba, mlango mmoja, dirisha hakuna.

Kwenye kibanda hicho nilikuwa malkia, jamani. Mama yangu alikuwa akipika kwenye sherehe za watu, kwa hiyo nilikuja na ujuzi wangu. Sisimizi wakivamia sukari, natia karafuu ndani ya kopo. Chumvi ikiloana, natupia punje za mchele. Mchuzi ukizidi chumvi, kiazi kilichomenywa kinainywa. Wali ukiungua, nauhamisha bila kukwangua chini na kuweka kitunguu kilichokatwa juu yake, harufu inaondoka. Masufuria nasugua kwa majivu na ganda la ndimu mpaka unajiona sura.

Majirani walikuwa wanakuja kuuliza. Jirani yangu mkubwa alikuwa Mama Kulwa, Msukuma wa hapo hapo, mtu mzima, mcheshi. Asubuhi anasimama mlangoni, ananiamkia Kisukuma, "Mwangaluka mayu, leo unatufundisha nini?" Nami najibu salamu kichwa kikiwa juu kabisa.

Sasa ngoja niwaeleze hili, maana bila hili hamtanielewa.

Mchimbaji mdogo akishasaga mawe na kuosha mchanga, anatia zebaki. Zebaki inakamata vumbi la dhahabu, vinakuwa donge moja jeupe. Donge hilo hununui hivyo hivyo, lazima lichomwe kwanza, zebaki iondoke kama moshi, ibaki dhahabu yenyewe. Na kulichomea nje ni kutangaza. Kila mpita njia ataona, na kule ukionekana na dhahabu mchana, siku nyingine unatembelewa.

Kwa hiyo walichomea jikoni kwangu. Moto upo, mlango unafungwa, mambo yanaisha kimya kimya.

Mimi natolewa nje. Hiyo ndiyo ilikuwa mila ya machimboni, na wengine wanaishika hadi leo. Mwanamke akikaribia dhahabu, dhahabu inakimbia. Mchimbaji akinikuta nimeinama juu ya chungu changu mwenyewe, anasimama mlangoni, haingii. Mume wangu ananiambia kwa upole, "Mama Mabula, tupishe kidogo." Natoka, naacha maharage yangu hayajaiva, nakaa kwa Mama Kulwa.

Lakini Mabula alikuwa anabaki.

Alikuwa na miaka kama miwili. Baba yake alimpakata pale pale jikoni kwa sababu mtoto wa kiume hana nuksi, tena siku moja walipochoma akiwepo wakapata mzigo mzuri kuliko walivyotarajia. Basi ikawa ni yeye. "Huyu ana nyota," wachimbaji wanasema. Wengine walikuwa hawakubali kuchoma mpaka Mabula aletwe.

Na mimi nilifurahi, wakuu. Mwanaume gani wa kule anampakata mtoto mchana kutwa? Nilikuwa najisifia kwa wenzangu.

Mwaka huo Mabula akaanza kukohoa.

Nilidhani ni vumbi, kiangazi kule kinajulikana. Nikampa tangawizi. Nikamkamulia kitunguu nikachanganya na asali. Kikohozi kinapungua kesho, keshokutwa kipo. Halafu akaanza kutoa mate, mate mengi, fizi nyekundu, uji anausukuma. Nikamsuuza kinywa kwa maji ya chumvi vuguvugu. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akawa analia bila sababu, hashikiki, halali, jasho linamtoka.

Mimi nami nikawa silali. Nikimlaza naamka kusikiliza kama anapumua. Mchana naanza kufagia, naacha katikati, namwangalia, narudi kufagia. Zahanati walitupa dawa ya kikohozi, tukaimaliza chupa, hali ile ile. Mama mkwe akatuma ujumbe kwamba mtoto arudishwe kwao akatazamwe kijadi. Kila mtu alikuwa na lake, na mtoto anazidi kukonda.

Katikati ya wasiwasi huo ndipo pete ikageuka.

Ilikuwa mchana, wachimbaji wametoka kuchoma, nimerudi jikoni kuosha vyombo. Walikuwa wakitumia kikaango changu kidogo cha chuma, na juu yake wanafunika bakuli la bati ili zebaki kidogo inayoganda humo waipanguse waitumie tena. Hilo bakuli ndilo nilikuwa namwekea Mabula uji. Sikuwa na jingine la ukubwa ule, na mimi nilijiamini, si nasugua kwa majivu?

Nikaona vitone vidogo vinang'aa ndani ya bakuli, vinakimbia nikivigusa. Nikadhani ni bati linayeyuka. Nikavifuta kwa kidole.

Nilipomaliza kuosha, pete yangu ya ndoa ilikuwa nyeupe. Upande mzima, nyeupe ya bati.

Mama Kulwa alipoiona akashika mdomo. "Mayu, hii umevishwa bati lililopakwa rangi. Wanaume hawa!"

Mtu anayeshika dhahabu kila siku, mimi mkewe anivishe bati? Nikasema ngoja nihakikishe kwanza. Nikaisugua kwa ndimu na chumvi. Ikagoma. Majivu, ikagoma. Nikachemsha maji ya magadi nikaitumbukiza, ikatoka nyeupe vile vile. Siki niliazima kwa jirani mwenye mgahawa, nayo ikashindwa. Nilisugua mpaka ngozi ya kidole ikachubuka.

Mume wangu aliporudi nikamrushia pete. Akaapa kwa mama yake kwamba ni dhahabu aliyoichimba kwa mikono yake na kuipeleka kwa sonara Kahama. "Nenda ukamuulize mwenyewe!"

Nikasema nakwenda. Kumbe nilikuwa natafuta sababu tu ya kutoka mle ndani. Asubuhi nikamfunga Mabula mgongoni, nikapanda gari la Kahama, njia nzima anakohoa na mate yanalowanisha bega langu.

Sonara alikuwa mzee wa Kihindi, amezaliwa pale pale mjini, na Kisukuma anakijua kuliko mimi. Nikaweka pete mezani nikaanza kufoka kwamba wametuuzia bati. Aliigeuza, akaitazama, akaniuliza taratibu.

"Zebaki umeishika wapi, mama?"

"Sishiki zebaki mimi. Mimi ni mama wa nyumbani."

"Mumeo?"

"Ananunua dhahabu."

"Anachomea wapi?"

"Jikoni kwangu."

Akaiweka pete chini. "Na wewe unakuwemo?"

"Hapana, mimi natolewa. Mwanamke hakai."

Hapo akanyanyua macho, akamtazama Mabula mgongoni. Akatazama yale mate, akatazama mikono ya mtoto.

"Na huyu?"

Wakuu, swali lile. Nadhani nilijua jibu kabla sijaulizwa, mwili ulikuwa umeshajua, ndiyo maana nilikuwa situlii wiki zote zile.

Alikataa kuchoma pete ile dukani. Alitoka nayo uani, mahali pa wazi, akaniambia nisimame mbali, upande upepo unakotoka. Akaipiga moto. Pete ikarudi njano, akaisafisha, akanipa.

"Pete hii ni dhahabu safi. Ilikuwa imekunywa zebaki, moto umeitoa," akasema. "Mtoto hasafishwi hivyo. Mpeleke hospitali sasa hivi, na ukifika uwatajie zebaki. Usipowatajia, watatibu kikohozi."

Nilikimbia. Kitenge kinafunguka, nakifunga huku nakimbia.

Daktari aliponisikia aliacha kuandika. Akaniuliza yote upya, jiko, mlango, bakuli la uji. Akanieleza kwamba moshi wa zebaki hauonekani vizuri wala haunuki, na mtoto mdogo unamuumiza kuliko mtu mzima. Tulilazwa. Lililo kubwa, alisema, mtoto asirudi tena kwenye nyumba ile, na asilishwe tena kwa vyombo vile. Nikauliza kama naweza kuvichemsha na magadi. Akasema hapana, vifukiwe.

Baba Mabula alikuja baada ya siku chache, amenuna. Akasimama mlangoni mwa wodi.

"Mbona mimi nachoma kila siku na sijafa? Tunakunywa maziwa, maziwa yanaosha kifua. Kila mtu anajua."

Nikamwambia, "Ndimu na magadi hata pete havikuosha, maziwa ndiyo yaoshe kifua? Mchukue mwanao umpakate."

Akampakata. Mabula alikuwa amekuwa mwepesi kama kapu tupu. Mikono yake midogo ilikuwa inatetemeka, na baba yake alipoishika kuituliza haikutulia. Mume wangu aliketi kitandani akalia mbele ya wagonjwa wote. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo.

Sikurudi kwenye ile nyumba. Nilikaa kwa mama yangu Kahama mpaka Baba Mabula alipopata nyingine, na sharti langu lilikuwa moja: dhahabu isikanyage jikoni kwangu. Kikaango, bakuli, hata mwiko, nilimwambia avifukie mbali na kisima. Mama Kulwa alikuwa ameshakitamani kikaango, anasema chuma kile hakipatikani. Nikamtumia ujumbe mkali, akakasirika, baadaye akanielewa.

Mabula alipona pole pole. Ilichukua muda mrefu kurudi kuwa yule mtoto ninayemjua, na kuna vipindi nilikata tamaa. Leo ni mwanaume mzima, anaendesha lori, anakula wali sahani mbili, na hana habari na hizi hofu zangu. Akisafiri mimi bado naamka kusikiliza kama mtu anakohoa.

Somo nililopata ni hili. Tips za jikoni ni za jikoni. Ndimu itang'arisha sufuria, kiazi kitapunguza chumvi, karafuu itafukuza sisimizi, na mimi bado nazitumia zote. Ila chombo kilichowahi kushika zebaki hakioshwi na kitu chochote kilichomo kabatini kwako. Usikipikie. Na mnaoishi Geita, Bugarama na kote kule, msichomee ndani, na watoto wasikae hapo, hata waambiwe wana nyota namna gani. Na dada zangu mnaotolewa nje kwa sababu dhahabu itakimbia, ondokeni na watoto wenu.

Kuna mtu atauliza, na baba yake je?

Baba Mabula hakuacha ile kazi. Alihamia kuchomea porini, akaendelea miaka mingi, kwa sababu ndiyo iliyotulisha na kumsomesha huyo huyo Mabula. Sasa ni mzee. Mikono yake inatetemeka asubuhi hadi jioni. Nikimmiminia chai naishia nusu kikombe, ikipungua namwongeza, na sote wawili tunajifanya ndivyo anavyopenda kuinywa.

Sasa ninyi mabingwa wa ule uzi wa juzi, wenye dawa ya kila kitu kutoka jikoni. Ya mikono ile mnayo? Kama ipo iandikeni hapa chini, nitaisoma. Nilizozijua mimi nimezimaliza.